Dell PowerEdge R720 ya mtumba: miezi 14 ya kazi katika shule ya sekondari

Seva ninayoieleza hapa ni Dell PowerEdge R720, mashine ya kulaza yenye kimo cha 2U, yaani nafasi mbili za raki ya seva, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ambayo niliinunua Kariakoo kwa niaba ya shule ya sekondari ninayofundisha mjini Morogoro. Imefanya kazi usiku na mchana kwa miezi 14. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wa TEHAMA, wahasibu wa taasisi ndogo na mafundi wanaoombwa ushauri kuhusu mashine za aina hii, kwa sababu nilipokuwa natafuta mimi, karibu kila niliyemuuliza alinitajia bei tu. Mambo mawili yanayoamua iwapo fedha ya shule imetumika vizuri hayakuguswa kabisa: namna ya kuikagua mashine kabla ya kulipa, na gharama zinazoanza siku ile ile unapoifikisha nyumbani.

Haja yetu ilikuwa ya kawaida. Matokeo ya mitihani ya muhula yalikuwa katika kompyuta moja ya mezani ya ofisi ya taaluma, na nakala yake pekee ilikuwa kwenye flashi ya mwalimu mmoja. Mhasibu alikuwa na kompyuta yake, maktaba ilikuwa na yake, na maabara yenye kompyuta 32 ilitegemea bando la intaneti ambalo liliisha kabla ya mwezi kwisha. Tulitaka mashine moja ihifadhi mafaili ya ofisi zote, iendeshe Moodle kwa ajili ya mazoezi ya wanafunzi, na itoe Wikipedia nzima kwa njia ya Kiwix bila kutumia bando. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake huchukua takriban gigabaiti 100, na hilo peke yake lilionyesha kwamba kompyuta tulizokuwa nazo hazingetosha.

Watu wengi huniuliza kwa nini mashine ambayo wakati wake iligharimu fedha nyingi sana leo inauzwa kwa bei ya laptopu. Jibu ni kwamba kampuni kubwa hazisubiri seva ife. Mkataba wa matengenezo ukiisha, mara nyingi baada ya miaka mitatu hadi mitano, seva hutolewa hata kama ni nzima, na soko la mtumba hupokea mzigo wote kwa pamoja. R720 imeshushwa bei na jambo jingine pia. Mrithi wake, R730, alitoka mwaka 2014 akiwa anatumia memori ya DDR4, na tangu hapo memori ya DDR3 ya seva haina pa kwenda isipokuwa ndani ya mashine za kizazi hiki na zile zilizotangulia. Kwa hiyo kipande cha gigabaiti 16 nilikikuta kikiuzwa kwa shilingi 25,000. Hapo ndipo penye faida kubwa ya kununua mashine hii, na mtu asiyehitaji memori nyingi ajue mapema kwamba faida hiyo haimhusu.

Yetu ina prosesa mbili za Xeon E5-2650 v2, kila moja ikiwa na viini 8 na kasi ya msingi ya gigahezi 2.6, kwa hiyo mfumo unaona nyuzi 32 za kazi. Ina nafasi 24 za memori, 12 kwa kila prosesa, na kwa vipande vinavyofaa inaweza kufikishwa gigabaiti 768. Sisi tuna gigabaiti 128. Mbele kuna nafasi nane za diski kubwa za inchi 3.5, nyuma kuna matundu manne ya mtandao ya gigabiti moja na pawasapulai mbili za wati 750. Mnunuzi aangalie sana hesabu ya prosesa: mashine yenye prosesa moja huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini nusu ya nafasi za memori na baadhi ya nafasi za kadi hazifanyi kazi mpaka prosesa ya pili iwekwe pamoja na bamba lake la kupozea joto.

Duka la kwanza nililoingia lilikataa kuiwasha mashine. Muuzaji alisema imepimwa ilikotoka, ina gredi nzuri, na kwamba yeye hauzi vitu vibovu. Niliondoka bila ubishi. Seva isiyowashwa mbele yako ni chuma cha karibu kilo 30 na si zaidi ya hapo, na hakuna sababu ya haki ya kumnyima mnunuzi umeme wa dakika ishirini, hasa kwa kuwa R720 hutumia waya ule ule wa umeme wa kompyuta ya mezani na ina tundu la VGA mbele na nyuma. Skrini yoyote ya dukani inafaa.

Duka la pili waliniruhusu. Nilikuwa nimebeba kibodi, flashi yenye Linux na tochi. Kwanza nilivuta kile kikaratasi cha plastiki kilicho mbele ya mashine chenye Service Tag, yaani utambulisho wa herufi na tarakimu saba, nikauingiza kwenye tovuti ya Dell kwa simu. Tovuti ilinionyesha mwaka mashine ilipotoka kiwandani na vifaa ilivyotoka navyo, na nikaona kwamba prosesa zilikuwa zile zile ila kadi ya diski ilikuwa imebadilishwa. Kisha nilifungua kifuniko cha juu, ambacho hakihitaji bisibisi, nikahesabu feni sita, nikatazama kama kila nafasi tupu ina kifuniko chake. Vifuniko hivyo vya plastiki vinaonekana kama takataka, na wauzaji wengi huvitupa, lakini ndivyo vinavyoelekeza hewa ipite juu ya prosesa na memori. Vikikosekana, hewa hupitia njia fupi na feni hulazimika kuzunguka kwa nguvu muda wote.

Baada ya hapo tuliiwasha. Feni za mashine hii hupiga kelele kubwa sana katika dakika ya kwanza, na anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani imeharibika. Ni desturi yake, hutulia ikimaliza kujipima. Nilibonyeza F2 kuangalia kwamba memori yote na prosesa zote mbili zinatambulika na kwamba hakuna nywila iliyofunga BIOS, yaani programu ya mipangilio ya mwanzo ya mashine. Halafu nikabonyeza F10, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika tathmini hii.

Ndani ya R720 kuna madaftari mawili ya matukio. La kwanza ni fupi, nalo muuzaji anaweza kulifuta kwa kubonyeza mara moja. La pili, ambalo linapatikana ndani ya Lifecycle Controller kwa njia ya F10, hutunza historia ndefu ya mashine: pawasapulai iliyokosa umeme, feni iliyosimama, diski iliyotolewa, memori iliyotoa makosa, pamoja na tarehe na saa ya kila tukio. Daftari hili la pili halifutiki kwa urahisi. Kulisafisha kunahitaji mtu aamue kuifuta mashine nzima kama inayostaafishwa. Katika mashine yetu daftari fupi lilikuwa jeupe kabisa, bila mstari hata mmoja. Daftari refu lilikuwa na mfululizo wa maonyo kuhusu kipande cha memori kilichokuwa nafasi ya B3.

Nilimwonyesha muuzaji. Alitazama skrini kwa muda, kisha akasema, “Mwalimu, hiyo ni ya zamani, huko ilikotoka.” Nikamjibu, “Kaka, inawezekana, lakini tarehe ya mwisho ni ya wiki iliyopita.” Hakubisha tena. Alitoa kipande kingine, na bei ambayo ilikuwa imeanzia shilingi 1,800,000 ikashuka hadi 1,450,000 pamoja na reli za kufungia kwenye raki na trei zote nane za diski. Nilipata risiti ya EFD, na juu ya karatasi nyingine tukaandikiana kwamba nina siku saba za kuirudisha kasoro ikionekana. Siku hizo zilinifaa, kwa kuwa kupima gigabaiti 128 za memori kikamilifu ni kazi ya usiku mzima na haiwezekani kuifanya dukani.

Kuhusu trei, nisisitize kidogo. Diski haiingii katika seva hii bila trei yake, na duka linaloziuza peke yake hukutoza kwa kila moja. Mnunuzi anayechukua mashine yenye trei mbili kati ya nane kwa sababu “diski mbili zinatosha kwa sasa” atalipia zile sita baadaye kwa bei isiyo na mapatano.

Muuzaji alitaka pia kunipa diski nane za SAS, aina ya diski za seva, za gigabaiti 600 kwa bei ndogo. Nilizipima mbili kwa smartctl, programu inayosoma afya ya diski, kupitia kadi ya RAID, yaani ile kadi ya diski inayoziunganisha zifanye kazi pamoja. Moja ilikuwa imezunguka kwa saa zaidi ya 52,000, ambazo ni karibu miaka sita bila kupumzika, na orodha yake ya sehemu zilizoharibika ilikuwa imeanza kurefuka. Nilizikataa zote. Msimamo wangu juu ya jambo hili ni thabiti: bodi, prosesa, memori na pawasapulai za seva ya mtumba zinaweza kununuliwa kwa moyo mkunjufu, lakini diski zinunuliwe mpya. Prosesa ya miaka kumi ama inafanya kazi ama haifanyi, na memori yenye ECC husahihisha makosa madogo na kuyaandika kabla hayajawa makubwa. Diski inayozunguka ni chombo cha mitambo kinachochakaa kila saa, na ndicho peke yake kinachobeba kitu kisichonunulika tena. Kuna pia mtego ambao mafundi kadhaa wameuangukia: diski za SAS zilizotolewa katika makabati makubwa ya hifadhi huwa zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512, na kadi ya kawaida ya seva hukataa kuzitumia mpaka zipangwe upya kwa sg_format, kazi inayochukua saa nyingi kwa kila diski.

Nilinunua SSD mbili za terabaiti moja kwa shilingi 200,000 kila moja, na diski mbili za terabaiti nne kwa shilingi 380,000 kila moja, zote mpya. Kila jozi inaakisiana, kwa hiyo diski moja ikifa, mwenzake anaendelea na kazi.

Kuisimika hakukuwa kugumu, ila kunataka mpangilio. Jambo la kwanza ni kurejesha mipangilio ya iDRAC, ile kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva inayokuwezesha kuiwasha, kuizima na kuitazama ukiwa mbali. Jina la kuingilia la kiwandani ni root na nywila ni calvin, na dunia nzima inajua hivyo. Ibadilishwe kabla waya wa mtandao haujachomekwa. Iwapo mashine ina leseni ya Enterprise utaweza kutumia tundu la mtandao la peke yake na kuiona skrini ya seva kupitia kivinjari. Leseni hiyo hufungamana na Service Tag ya mashine husika, kwa hiyo muulize muuzaji mapema, na uithibitishe mwenyewe kwenye skrini. Yetu inayo, na imeniokoa safari nyingi za usiku kutoka nyumbani hadi shuleni. Programu ya ndani ya iDRAC ilikuwa ya zamani na ilibidi kuipandisha kwa hatua, toleo baada ya toleo. Aliyejaribu kuruka moja kwa moja hadi la mwisho atapoteza muda kama nilivyopoteza mimi.

Jambo la pili ni memori. Kila prosesa ina njia nne za memori, na vipande vinavyofanana viwekwe kwanza katika nafasi zenye vishikio vyeupe, kisha vyeusi, na mwisho vya kijani. Vipande vinane vya gigabaiti 16, vinne kila upande, hutumia njia zote sawasawa. Nimeona seva iliyojazwa vipande vya ukubwa tofauti bila mpango, na mwenye nayo akilalamika kwamba ni nzito kuliko kompyuta ya mezani; vilipopangwa upya, malalamiko yakaisha.

Jambo la tatu lilinisumbua kwa siku nne. Kuandika mafaili kwenye diski kulikuwa polepole kiasi cha kutia aibu, wakati kusoma kulikuwa kwepesi. Nilibadilisha waya, nikabadilisha mfumo wa mafaili, nikashuku hata SSD mpya. Chanzo kilikuwa betri ndogo ya kadi ya diski, aina ya PERC H710, ambayo ilikuwa imechoka. Kadi hii huweka data kwanza katika kumbukumbu yake ya megabaiti 512 kisha huiandika kwenye diski kwa utulivu, lakini hufanya hivyo tu ikiwa betri ni nzima na inaweza kuilinda data hiyo umeme ukikatika. Betri ikichoka, kadi huacha utaratibu huo na kuandika kila kitu moja kwa moja, na kasi hushuka. Betri mpya iligharimu shilingi 65,000. Anayenunua mashine ya umri huu aihesabu betri hiyo kama sehemu ya bei, pamoja na ile ya CR2032 ya kutunza saa, ambayo ni shilingi chache katika duka lolote la saa.

Mfumo tulioweka ni Proxmox VE 8, ambao umejengwa juu ya Debian 12 na hauna ada ya leseni. Unagawa seva moja kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikiwa na kazi yake: mafaili, Moodle, Kiwix, uhasibu, na moja ya majaribio ya wanafunzi wa kidato cha tano. Usimikaji wenyewe ulichukua chini ya nusu saa. Asiyelipia huduma yao ya kitaasisi abadilishe hazina ya masasisho iende kwenye ile ya bure, vinginevyo kila sasisho litaleta kosa. Fundi anaweza kukushauri utumie ZFS, nao ni mfumo mzuri sana wa mafaili, ila hutaka kuziona diski moja kwa moja, na H710 haitoi njia hiyo bila kubadilishiwa programu yake ya ndani. Kadi ya H310 inaweza, lakini haina kumbukumbu ya kuharakisha kazi. Nilibaki na RAID ya kadi kwa sababu moja ya kibinadamu: nikiwa sipo, mhasibu anaweza kuona taa ya rangi ya chungwa kwenye trei, akaivuta diski ile na kuweka nyingine bila kuzima chochote.

Sasa umeme. iDRAC yenyewe huonyesha mashine inakula kiasi gani, na yetu hutumia wastani wa wati 140 ikiwa na kazi ya kawaida. Kwa saa 24 na siku 30, hizo ni karibu uniti 101 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, ndiyo shilingi 36,000 kila mwezi, sawa na 432,000 kwa mwaka. Nilimpelekea mkuu wa shule hesabu hii kabla ya ununuzi, na namshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu katika miaka mitatu na miezi michache umeme utakuwa umeifikia bei ya mashine. Kuizima usiku kunaokoa, lakini nakala za akiba huchukuliwa usiku, na tuliona heri tulipe.

Umeme unapokatika ghafla ndipo shule nyingi hupoteza kila kitu, kwa hiyo UPS, kifaa cha betri kinachoshika kazi umeme ukikatika, si nyongeza ya hiari. Pawasapulai za seva hii hazipatani vizuri na zile UPS ndogo za bei nafuu za kompyuta za mezani, ambazo hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi. Mashine inaweza kuzimika pale pale UPS inapochukua kazi. Tulinunua ya VA 1500 yenye mawimbi safi kwa shilingi 850,000. Kwa waya wa USB inaiambia seva betri imebaki kiasi gani, na programu ya NUT huzima mashine pepe moja moja, kisha seva yenyewe, kabla betri haijaisha. Katika BIOS nimeweka ijiwashe umeme unaporudi, baada ya kusubiri kidogo, kwani umeme unaorudi mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika moja.

Nikijumlisha mashine, diski, SSD, UPS na betri ya kadi, tulitumia shilingi 3,525,000. Bei niliyolipa dukani kwa mashine yenyewe haikufika hata nusu ya gharama halisi ya kuifanya ifae kwa kazi. Hilo halinifanyi nijute. Linanifanya nitake kila bodi ya shule ipelekewe jumla hiyo tangu mwanzo, si sehemu yake.

Kelele na joto. R720 haifai kukaa darasani wala katika ofisi ambamo watu hufanya kazi. Ikishatulia, sauti yake ni ya feni kubwa isiyonyamaza, na ukiweka kadi isiyo ya Dell inaweza kuongeza mzunguko bila sababu ya kuonekana. Tuliiweka katika stoo ndogo yenye madirisha mawili na feni ya kutoa hewa. Mashine imeundwa kwa hewa ya kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, na mchana wa Februari nimeona kipima joto cha hewa inayoingia kikisoma 33. Imevumilia. Adui mkubwa zaidi kwetu ni vumbi, na kila baada ya miezi mitatu huizima Jumamosi moja, nikaipuliza kwa kipulizio cha umeme huku nikizishika feni zisizunguke.

Umri wa mashine una mipaka ambayo hakuna fedha inayoweza kuiondoa. Prosesa zake hazina AVX2, maagizo ya hesabu ambayo baadhi ya programu mpya huyadai, kwa hiyo Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotolewa mwaka 2025, haiwezi kusimikwa juu yake. Debian inaenda bila shida. Haiwezi kuanza kutoka SSD za NVMe, zile za kasi zaidi, bila mbinu za pembeni. Na aliyezoea VMware, programu nyingine ya mashine pepe, ajue kwamba matoleo mapya hayaitambui rasmi. Kwa kazi zetu hakuna hata moja kati ya hayo lililotuzuia, lakini taasisi inayofungwa na programu maalumu iulize kwanza.

Katika miezi hii 14 pawasapulai moja ilikufa. Taa ilibadilika rangi, ile ya pili ikabeba mzigo wote, na hakuna mwanafunzi aliyejua. Niliichomoa pawasapulai iliyokufa huku mashine ikiwa inafanya kazi, nikaweka nyingine ya mtumba. Kwa tukio hilo moja nilielewa vizuri zaidi kuliko kwa maelezo yoyote kwa nini kitu hiki kilijengwa kizito namna hii.

Kwa shule, hospitali ndogo au ofisi yenye kazi tano au sita zinazohitaji mashine zake, na yenye chumba cha pembeni, ninaipendekeza R720 bila kusita. Kwa anayetaka kuhifadhi picha na mafaili ya familia au duka moja, siipendekezi hata akipewa bure. Kompyuta ndogo ya ofisi ya mtumba itafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya umeme na bila kelele. Na anayeweza kuongeza fedha aitazame R730, ambayo prosesa zake zina AVX2, ingawa memori yake ni ghali zaidi.

Tuna jambo moja la kumaliza. Juu ya kifuniko cha seva yetu palikuwa na lebo ya mali ya ofisi moja ya nje, na mojawapo ya zile diski nilizozikataa bado ilikuwa na mafaili ya watu waliofanya kazi humo, majina yao yakionekana wazi. Nilimwomba muuzaji azifute zote, na kabla sijaondoka nilisubiri nikaona kazi ikianza. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na matokeo ya watoto na hesabu za karo za wazazi ni taarifa za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo katika daftari la vifaa vya shule, mbele ya kila diski ya seva, nimeandika tarehe ya kununuliwa na sharti kwamba siku itakapotolewa ifutwe kabisa au itobolewe, na walimu wawili watie saini.